Keki Bila Maziwa Si Mbwembwe

Wacha niseme tu. Kila nikiposti keki yangu ya tangawizi isiyo na maziwa, lazima mtu aandike: "Hizo ni mbwembwe za matajiri." Matajiri gani? Mimi niliacha chuo kwa kukosa karo. Naokea kwa sufuria hapa Nakuru, makaa chini, makaa juu ya kifuniko.

Hesabu ndiyo hii: unga wa ngano kikombe 1 na nusu, sukari 1, maji 1, mafuta ya kupikia theluthi, tangawizi ya kukuna, soda ya kuokea kijiko kidogo, siki kijiko kikubwa. Siki ikikutana na soda, gesi inatoka, keki inaumuka. Utajiri uko wapi hapo?

Najua, huku Bonde la Ufa mgeni akikosa chai ya maziwa ni aibu. Lakini binamu yangu akiyaonja tu, tumbo linamkata usiku kucha. Sherehe iliyopita alikaa na sahani tupu, wakubwa wakisema anaringa. Mtoto wa miaka 7, aringe na nini?

Ukialika watu, uliza kwanza. Na usome pakiti ya majarini, zingine zina maziwa. Heshima ni kila mtu apate kipande.