Salivarisini Haijashika Nafasi ya Penisilini

Mama mmoja alinijia kliniki na mwanawe mwenye homa, mafindofindo yamejaa usaha, naye ameshika pakiti ya vidonge vya kumung'unya kutoka ng'ambo. Akauliza: ikiwa humu mna bakteria wema wanaoua waovu, penisilini ni ya nini? Swali hilo halistahili kubezwa, kwani nusu yake ni kweli.

Bakteria hao ni Streptococcus salivarius wa aina ya K12, waliochunguzwa na John Tagg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Jamaa zao huingia vinywani mwetu tungali wachanga. K12 hutengeneza peptidi mbili, salivarisini A na B, ambazo huwashambulia hasa bakteria wa ukoo wa karibu, akiwamo Streptococcus pyogenes, mmojawapo wa wasababishi wa mafindofindo. Utendaji wa peptidi za jamii hii tunaufahamu vizuri zaidi kwa nisini, iliyotambuliwa mwaka 1928 na ambayo hadi leo hutumika kuhifadhi jibini: huidaka lipidi II, molekuli inayobeba matofali ya ukuta wa bakteria, kisha huutoboa utando wake.

Lakini kumzuia pyogenes katika sahani ya maabara si kumtibu mtoto. Akiachwa kooni, kinga ya mwili iliyoinuka kumpiga yeye huweza kuugeukia moyo na kuharibu valvu. Wako wanawake wanaogundua ugonjwa huo wakiwa wajawazito, pumzi zikiwakatika. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingali inamuua kijidudu huyo. Kuibadilisha kwa kidonge cha ghali ni kosa ambalo hulipwa miaka mingi baadaye.

Lawama, hata hivyo, si ya wazazi peke yao. Maumivu mengi ya koo hutokana na virusi, nasi matabibu twajua, na bado twaandika amoksisilini ili mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Dozi hiyo huwaua salivarius pamoja na wengineo. Kabla ya kuagiza walinzi katika pakiti, tungeanza kwa kutowaangamiza hao tuliopewa bure.

Mtoto yule nilimwandikia penisilini ya siku kumi. Mama nilimsihi asiitupe pakiti yake; tutaizungumza dozi ikiisha.