Kusugua Kioo: Somo Linalokosekana Shuleni

Mwalimu wa fizikia anapofundisha mada ya mwanga huchora ubaoni tao mbili zinazokutana nchani, akazipitishia miali, na kuwaeleza wanafunzi kwamba hiyo ni lenzi mbinuko. Wanafunzi hujifunza kanuni, hupiga hesabu za umbali wa fokasi, na wengi hufaulu. Lakini ni nadra mwanafunzi kuuliza swali lililo rahisi kuliko yote: kioo hicho kilipataje umbo lile? Ni nani aliyekichonga, kwa chombo gani, na alijuaje kwamba amelipata umbo barabara? Swali hilo halimo katika mtihani, na pengine ndiyo sababu halijibiwi. Hata hivyo, katika jibu lake mna somo ambalo taifa linalihitaji.

Mfano ulio karibu unatoka Dar es Salaam. Katika miaka ya 2010 mafundi wa karakana ya STICLab, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza na Taasisi ya Afya Ifakara, walishiriki kuunda hadubini iitwayo OpenFlexure. Sehemu kubwa ya kiunzi chake huchapwa kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, na mashine inayoongozwa na kompyuta. Plastiki hiyo hupinda kidogo kidogo na kuisogeza sampuli kwa hatua zisizofikia sehemu moja ya elfu ya milimita. Taarifa ya kitaalamu juu ya chombo hicho ilichapishwa mwaka 2020, nacho kimejaribiwa katika kuchunguza vimelea vya malaria. Ni kazi ya kujivunia. Lakini lenzi yake kuu, ile inayoitazama damu, hununuliwa kutoka viwanda vya ng'ambo. Mwili umeundwa nyumbani, jicho limeagizwa.

Kununua lenzi si aibu, wala hapana taifa linalojitengenezea kila kitu. Lenzi kuu ya hadubini yenye kukuza mara 100 ni mkusanyiko wa lenzi ndogo kadhaa, nyingine zikiwa na upana wa milimita chache tu, zilizotengenezwa kwa vioo vya aina mbalimbali ili rangi za nuru zisitawanyike. Huko Jena, Ujerumani, Carl Zeiss na Ernst Abbe walilazimika kuungana na mkemia Otto Schott na kuanzisha maabara ya kioo mwaka 1884, kwa sababu vioo vilivyokuwapo havikutosha. Kazi ya namna hiyo haiwezi kudaiwa shule ya sekondari. Lakini kushindwa lililo gumu si sababu ya kutolijua lililo rahisi. Kioo cha kuakisi cha darubini kina uso mmoja tu wa kuchongwa, na nuru haipiti ndani yake. Hapo ndipo pa kuanzia.

Usahihi unaotoka mikononi

Watu wengi hudhani kwamba usahihi hutoka katika mashine kubwa za thamani. Kwa kioo, mambo ni kinyume. Fundi huchukua vigae viwili vya kioo kinene vilivyokatwa duara, vyenye kipenyo kilicho sawa. Kimoja hukiweka imara juu ya meza au gogo, hunyunyizia unga mkali wa kusagia pamoja na maji, kisha hukisugua kwa kile kingine, akikipeleka mbele na nyuma juu ya kitovu. Baada ya misuguo michache hukizungusha kidogo kile cha juu, naye mwenyewe husogea hatua moja kuizunguka meza. Kigae cha juu hubonyea polepole, na cha chini hubinuka.

Siri yote imo katika kule kuzunguka. Nyuso mbili zinazosuguana kwa kila upande, na zikaendelea kugusana kila mahali, haziwezi kuwa na umbo lolote ila la sehemu ya tufe. Penye kilima unga husaga zaidi. Penye bonde haugusi. Kosa hujifuta lenyewe. Haihitajiki mashine iliyo sahihi kuliko kazi yenyewe, kwani msimamizi wa kazi ni jiometria.

Baadaye unga mkali huachwa, hutumika ulio laini zaidi, na tena ulio laini zaidi, kila hatua ikifuta vishimo vya ile iliyotangulia. Punje moja ya unga wa mwanzo ikibaki kwenye kitambaa, itachora mkwaruzo utakaorudisha kazi nyuma kwa siku nyingi. Hivyo usafi unakuwa sehemu ya sayansi. Mwisho kigae cha chini hupakwa lami laini yenye mifereji, na kioo hung'arishwa kwa unga mwekundu wa oksaidi ya chuma, ambao kwa kemia ni ndugu wa kutu. Kioo chenye kipenyo cha milimita 150 na umbali wa fokasi wa milimita 1,500 kina bonde ambalo kina chake katikati hakifiki milimita 1. Kwa kipimo hicho hata umbo la tufe linatosha. Si lazima kulifikisha kwenye parabola.

Historia inathibitisha kwamba kazi hii haikuwa ya wenye viwanda. Antonie van Leeuwenhoek, aliyeviona vijidudu vya majini kwa lenzi zake ndogo, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. William Herschel alikuwa mwanamuziki. Alisugua vioo vya shaba na bati nyumbani kwake mjini Bath, na mwaka 1781, kwa kioo chenye kipenyo cha sentimita 16 hivi, akaigundua sayari ya Uranus.

Kupima bila kujidanganya

Hata hivyo, kusugua ni nusu ya kazi. Ili kioo kitoe taswira safi, makosa ya uso wake yasizidi sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi la nuru, yaani milimita 0.00007 hivi. Unywele wa binadamu una unene unaokaribia milimita 0.07, ambao ni mara elfu moja zaidi. Kosa dogo hivyo litaonekana kwa jicho gani?

Jibu lilitolewa na Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858, na linahitaji taa, bati lenye tundu la sindano, na wembe. Taa huwekwa kwenye kitovu cha tufe, mita 3 kutoka kioo kilichotajwa hapo juu. Nuru ikirudi na kukusanyika, mpimaji huikata kwa makali ya wembe huku akikitazama kioo. Uso ukiwa sahihi, wote huingia kivuli kwa pamoja. Ukiwa na kosa, vilima na mabonde hujitokeza mithili ya nchi inayotazamwa kutoka angani jua likichwea. Mwanafunzi akigusa kioo kwa kidole kwa muda wa dakika moja, kisha akapima, atakiona kilima kilichoinuliwa na joto la kidole chake.

Umuhimu wa kipimo hiki umefunzwa kwa gharama kubwa. Darubini ya Hubble iliporushwa angani mwaka 1990, kioo chake chenye kipenyo cha mita 2.4 kilikuwa kimesuguliwa kwa usahihi mkubwa, lakini kwa umbo lisilo sahihi. Ukingo wake ulikosea kwa milimita 0.002 hivi. Lenzi moja katika chombo cha kupimia ilikuwa imewekwa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Vipimo vingine vilivyo rahisi vilikuwa vimeonyesha dalili za kosa, vikapuuzwa, kwa kuwa chombo kikuu kiliaminiwa mno. Taswira zilirekebishwa mwezi Desemba 1993 tu, wanaanga walipopeleka vyombo vya kusahihisha.

Kutoka Jena hadi Lusewa

Sasa fikiria shule ya Lusewa, mkoani Ruvuma, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Songea na ambayo leo imo katika Wilaya ya Namtumbo. Hapo anga la usiku ni jeusi, mbali na taa za miji mikubwa. Mawingu mawili ya Magellan, ambayo watazamaji wa Ulaya hawayaoni kamwe kutoka kwao, huonekana kwa macho matupu. Katika wilaya jirani ya Tunduru, tangu miaka ya 1990, watu wamechimba yakuti; nayo yakuti ni korandamu, madini yale yale ambayo yakiwa duni huitwa msasa na kusagia vioo. Wembe upo, tochi ipo, kioo kinene cha meza hupatikana mjini. Nitreti ya fedha, inayotumika katika kemia kwa jaribio la kioo cha fedha, ndiyo inayoweza kukipaka kioo utando wa kuakisi. Ila mchanganyiko wake utengenezwe chini ya macho ya mwalimu na umwagwe siku ile ile, kwani ukihifadhiwa huweza kulipuka.

Kinachokosekana ni unga wa kusagia uliopangwa kwa madaraja, na mwalimu aliyewahi kuifanya kazi hii walau mara moja. Yote mawili yanawezekana. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Ingefaa vyuo vya ualimu vimtake kila mwalimu wa fizikia asugue na kupima kioo kimoja kabla ya kuhitimu, na shirika la SIDO pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia wapeleke shuleni vifurushi vya unga huo.

Yupo atakayesema kwamba muda wa vipindi hautoshi na kwamba mtihani hausubiri. Hoja hiyo ina uzito, na mwalimu anayeitoa hastahili kulaumiwa. Lakini kioo kimoja husuguliwa kwa alasiri za muhula mmoja, na ndani yake mna jiometria, mawimbi, joto na kemia, ambavyo vyote vimo katika muhtasari. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hujifunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kumpa: kuikuta kazi yake mwenyewe ina kosa asiloliona kwa jicho, kukubali ushahidi wa wembe, na kurudi mezani kusugua tena. Siku taifa litakapotaka kutengeneza lenzi ya hadubini, litawatafuta watu wenye tabia hiyo. Haitawezekana kuwaagiza pamoja na lenzi.