Ada ya Wapiga Mbizi na Haki ya Mvuvi wa Mafia

Tangazo la Serikali peke yake halimzuii mvuvi wa baruti. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyo karibu na Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa hifadhi. Hata hivyo, kwa miaka mingi hifadhi hiyo ilibaki katika karatasi, na baruti ikaendelea kulipuka mbele ya macho ya jiji.

Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 ilileta fikra nyingine. Chini yake ilianzishwa, mwaka 1995, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, yenye eneo la kilometa za mraba 822. Wananchi hawakuhamishwa. Bahari iligawanywa: mahali pasipovuliwa kabisa, mahali panapovuliwa kwa masharti, na mahali pa matumizi ya jumla. Shabaha ni kwamba samaki wazaliane kwa amani katika matumbawe, kisha wavuliwe nje yake.

Leo wapiga mbizi hutoka nchi za mbali kuja kuitazama miamba ya Ghuba ya Chole, nao hulipa ada. Lakini mvuvi naye amelipa: ameacha mwamba aliovua baba yake na ameweka chini kokoro lake. Malipo yake ndiyo mazito zaidi, maana yanatoka katika chungu cha watoto wake.

Kwa hiyo hapana budi tuulize: mwananchi wa Juani au Jibondo anaiona wapi fedha ya ada? Akiiona katika darasa, zahanati na kisima, atakuwa mlinzi asiyelala. Asipoiona, ataihesabu hifadhi kuwa mali ya wageni, na atanyamaza asikiapo mlipuko.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa watumishi wa umma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu za ada zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, shilingi kwa shilingi, na maswali yajibiwe papo hapo. Walimu nao wawafundishe watoto kwamba tumbawe ni kiumbe hai kikuacho polepole mno.

Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Mafia, nasi hatukuwa na uwezo wa kulizuia. Baruti na usiri wa hesabu tunao uwezo wa kuvikomesha.