Safari ya Saa Saba



Januari 2019 binti yangu alisafiri kutoka Nairobi kumfuata mumewe New York, akiwa na mtoto wa miezi sita. Ndege za moja kwa moja kati ya miji hiyo zilikuwa zimeanza Oktoba 2018. Tiketi ilisema ndege inaondoka 23.25, yaani saa 5:25 usiku, na kutua 06.25, saa 12:25 asubuhi. Nikahesabu kwa vidole: saa saba. Nikamfungashia mjukuu maziwa ya kopo ya saa saba, na nepi nne. Nne! Nami nilijiona mama hodari.

Akina mama wa jumuiya walikuja tukakesha kwa maombi. Ilipofika saa 12:25 asubuhi tukaimba, tukamshukuru Mungu kwa kuwafikisha salama, tukanywa chai, kila mtu akaenda kwake. Kumbe wakati huo ndege ndiyo kwanza inaiacha Afrika, na bahari ya Atlantiki yote iko mbele! Saa nne, simu kimya. Saa sita, kimya. Hofu ya mchana ule sikuweza hata kumwambia baba watoto. Simu ililia saa kumi jioni.

"Mama, tumefika. Lakini maziwa yaliisha katikati ya bahari. Ulipiga hesabu gani?"

Mama mmoja wa kiti cha nyuma ndiye aliyewagawia.

Kosa langu lilikuwa hili: saa ya kuondoka huandikwa kwa saa za Nairobi, na ya kufika kwa saa za New York. Wakati wa baridi yao wako nyuma yetu kwa saa 8. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, kwa saa 7. Kwa hiyo ongeza 8 kwenye saa 12:25 asubuhi, upate saa 8:25 mchana ya nyumbani. Toka saa 5:25 usiku hadi hapo ni saa 15.

Umbali nao unaweza kuupima mezani. Usitumie ramani ya ukutani, maana imelazwa na dunia ni mviringo. Juu yake uzi utakatiza Mali. Chukua tufe la dunia la watoto wa shule. Zungusha uzi kwenye ikweta, ambayo ni kama kilomita 40,000. Ukipata sentimita 80, kila sentimita ni kilomita 500. Kisha vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York: utapanda juu ya Sahara, upite Aljeria na Moroko, na kufika karibu sentimita 24. Hizo ni kama kilomita 11,800.

Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo ni saa 13 na kidogo. Ongeza kupaa, kutua, na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi kuipinga ndege. Wakati wa kurudi upepo huohuo huisukuma, safari ikapungua kama saa nzima.

Na tumbo la mtoto halianzi kuhesabu ndege inapopaa. Kuna saa tatu za kusubiri uwanjani, na foleni ya pasipoti kule. Jumla ni saa 20. Binti yangu alipokuja kutusalimu alifungasha mwenyewe, na nepi zilikuwa kumi na mbili.