Vocha ya shilingi 200 na nauli ya usiku

Huenda una dada, shemeji au mke aliyebaki nyumbani Kitui au Makueni huku wewe ukihangaika na kodi ya nyumba hapa mjini. Siku ukipata habari kwamba ni mjamzito, hofu ya kwanza huwa bili ya hospitali. Juma hili hebu tuitazame bili hiyo kwa upande mwingine: hulipwa lini?

Wazee wetu wanakumbuka Desemba 1989, serikali ilipoanzisha ada za kuchangia gharama hospitalini. Mama alidaiwa pesa wakati ule ule wa uchungu, awe nazo asiwe nazo. Mwaka 2004 Bi Charity Ngilu, aliyekuwa Waziri wa Afya na Mbunge wa Kitui ya Kati, alishusha ada za zahanati hadi shilingi 10 na za vituo vya afya hadi shilingi 20.

Kisha mwaka 2006 Kitui ikachaguliwa, pamoja na Kisumu, Kiambu na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, kujaribu mpango wa vocha uliosaidiwa na serikali ya Ujerumani. Mama asiyejiweza alinunua vocha kwa shilingi 200. Kwa karatasi hiyo alihudhuria kliniki, akajifungua, hata kama ni kwa upasuaji, na akaangaliwa baada ya kujifungua. Aliipeleka alikotaka, iwe hospitali ya serikali, ya misheni au ya mtu binafsi, mradi imo katika mpango. Na hospitali haikulipwa kwa sababu ina vitanda na wauguzi. Ililipwa mama akishahudumiwa. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa utamu wa vocha. Mama aliyezoea kufokewa alikuwa sasa mteja anayeweza kwenda kwingine na pesa zake.

Tena aliinunua mapema, kidogo alicho nacho kikiwa bado mkononi.

Lakini vocha haikulipa nauli. Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000, na mtu wa Tseikuru au Mutha hahitaji kuelezwa maana yake. Karatasi ya shilingi 200 haina msaada mkubwa kama gari la kukodi usiku linataka maelfu.

Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bure. Ilirudishia zahanati na vituo vya afya shilingi 2,500 kwa kila mama, na hospitali kubwa za wilaya shilingi 5,000. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha bima yake mwaka 2016, shilingi 500 kwa familia kwa mwaka. Kitui ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi 1,000, gavana akiwa yule yule Bi Ngilu.

Tangu Oktoba 2024 tuko katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Asiye na mshahara hutozwa angalau shilingi 300 kwa mwezi, ila hutakiwa kulipa za mwaka mzima mbele, yaani 3,600, ama akope. Wewe wa mshahara utasema si nyingi. Mkulima wa ndengu je? Yeye hupanda kwa mvua za Oktoba na kuuza mwanzoni mwa mwaka. Mama wa kujifungua Novemba hudaiwa ndengu zikiwa bado majani, na pesa za mavuno yaliyopita zilikwisha kwa karo na unga.

Kwa hiyo unapotuma pesa nyumbani, uliza kwanza tarehe aliyopewa kliniki. Lipa mchango wa SHA miezi kadhaa kabla. Halafu, kando na huo, weka nauli kwa jirani mwenye gari au kijana wa bodaboda unayemwamini, na mpatane bei mchana. Saa nane za usiku, uchungu ukianza, simu yako huenda imezimwa.