Kilimi hakina kosa

Mu vitabu kama hiki tumezoea kusifu mambo ya wakubwa wetu: mahari, hadithi za jioni, majina ya watoto. Vema. Lakini kuna jambo moja watu wanalificha ndani ya neno "desturi", nami sikubali lipite bila kupingwa. Ni kukata kilimi.

Wasomaji munajua namna inavyoenda. Mutoto ana homa, anakataa kunyonya ao kumeza. Jirani anafika: "Ni kilimi, kimerefuka. Mumupeleke kwa muzee, bamukate." Muzee analeta wembe ao waya iliyokunjwa, anakata ule ulimi mudogo unaoning'inia nyuma ya kinywa, anapaka majani. Siku tatu kisha, mutoto anacheza. Basi wote wanasema: tumeona kwa macho!

Hapo ndipo tunadanganyika. Maumivu mengi ya koo yanaletwa na virusi, na yanapona yenyewe karibu juma moja, ukate usikate. Hata anjini ya streptokoki, ambayo ni mikrobi kali, homa yake inashuka yenyewe siku 3 mpaka 5. Muzee anapokea kuku kwa kazi iliyofanywa na mwili wa mutoto. Tena streptokoki makao yake si kilimi; inashika koo, zaidi amigidali. Ukiisha kukata, yenyewe iko palepale.

Na ubaya wake ni kwamba inaweza kurudi kwa njia ingine. Majuma 2 ao 3 kisha koo kupona, mutoto, zaidi wa miaka 5 mpaka 15, anaweza kuvimba magoti, na moyo unashambuliwa. Milango ya moyo inaharibika polepole. Miaka inapita, binti anabeba mimba, pumzi inamukatika, na jamaa wanatafuta nani amemuroga. Kumbe ni anjini ya zamani! Mu 2018, mukutano mukubwa wa OMS kule Geneva ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu wa moyo, sababu unaua watu wa inchi maskini, na dawa ya kuuzuia ni ya bei ndogo.

Dawa yenyewe ni penisilini: sindano moja ya benzatini, ao amoksisilini ya kunywa siku 10. Ikianza mu siku 9 za kwanza za ugonjwa, inalinda moyo. Mpaka leo streptokoki haijajifunza kuishinda penisilini. Lakini siku ya pili ao ya tatu mutoto anajisikia muzuri, na mama anaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mugonjwa mwingine. Hapana! Na wale wauzaji wa farmasi wanaotoa vidonge vine kwa kufuata pesa ya mun\unuzi, hao nawahesabu pamoja na mwenye wembe.

Mutaniambia: kituo cha afya kinaomba makuta. Ni kweli. Lakini wembe nao unalipisha: damu isiyokauka, tetanosi, ukimwi kama umepita mu kinywa cha mwingine. Wengine watasema ni mali ya asili yetu. Ya nani? Wanakata vilevile Burundi, Ethiopia, Nijeri. Mali yetu ya kweli ni maji ya vuguvugu yenye chumvi ya kusukutua, tangawizi, asali (si kwa mutoto asiyetimiza mwaka). Hivyo vinatuliza koo, wala munganga hakatazi.

Sisemi wazee wafukuzwe. Watu wanawaamini; basi chama kiwaite, kiwape tochi pahali pa wembe. Waangalie koo: homa ya gafula, tezi za shingo zinauma, madoa meupe kwenye amigidali, kikohozi hakuna? Mutoto atumwe kwa munganga siku ileile. Anakohoa, kamasi zinatoka, anakunywa vizuri? Mara nyingi ni virusi. Apewe maji, apumuzike. Mutoto muchanga anayekataa kunyonya, huyo asingoje hata usiku mumoja.