Ufa Haukatiwi Utepe

Jumapili iliyopita nilialikwa kwenye harambee ya kumalizia paa la kanisa moja hapa Musoma mjini. Nilikwenda kwa moyo mweupe na noti zangu mbili za elfu kumi. Mhubiri mgeni, bwana mwenye sauti nzito na kipaza sauti kilichoizidisha uzito, akafungua kitabu cha Nehemia. Akasema Nehemia alikuwa mtu wa maono, mtu wa miradi mikubwa. Kutoka Yerusalemu akaingia Musoma bila hata kunywa maji: uwanja wa ndege, lami, bandari, stendi, masoko, reli inakuja. Mji huu, wapendwa, unakwenda kuwa Dubai ndogo! Kisha akageukia upande tuliokaa wazee, akasema wenye imani haba ndio wanaouliza habari za mashimo na mitaro. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeinama nikitazama viatu vyangu, ambavyo mishono yake ilikuwa bado na tope la mtaro uliofurika mbele ya nyumba yangu Ijumaa.

Nilitoa elfu kumi moja. Nyingine nilirudi nayo.

Tuanze na Nehemia, maana marehemu hana wa kumsemea. Nehemia hakujenga mji mpya. Alikuta ukuta umebomoka na malango yameteketea, akautengeneza. Sura yake ya tatu, ambayo wahubiri huiruka kwa sababu imejaa majina magumu, ni orodha ya watu wa ukarabati tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho: fulani na wanawe kipande hiki, fulani kipande kinachofuata, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Kazi ikaisha kwa siku 52. Mgeni rasmi hakuwepo. Katika Biblia nzima huwezi kupata kitabu kinachosifia matengenezo kama hiki, na bwana yule amekitumia kututukania mtaro.

Lakini simlaumu peke yake. Alichokisema ndicho kinachosemwa Mwigobero kwenye mizani ya dagaa, ndicho kinachosemwa na bodaboda wa Nyasho, ndicho kinachosemwa kwenye kila kikao cha harusi: Musoma imelala, ila mradi fulani ukija, itaamka. Tumejiaminisha kwamba mji hukua kwa kile kinachokuja. Mimi nasema mji hukua kwa kile kisichobomoka.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lilikuwa onyo. Sisi tumeligeuza kuwa mpango mkakati. Tunauacha ufa makusudi, tunaulea, tunaunywesha maji ya mvua mpaka ukuta uanguke, ndipo tuandike andiko la mradi wa ukuta. Na kwa nini tusifanye hivyo? Ukuta una tenda. Ukuta una mshauri elekezi, una ziara ya kukagua, una posho ya kikao, una fulana za uzinduzi zenye picha ya kiongozi kifuani. Una jiwe la msingi la marumaru lenye jina la mtu kwa herufi za dhahabu, na binti wa shule aliyeshika mkasi kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Ufa una nini? Una fundi mmoja, ndoo moja ya saruji na mwiko. Hakuna mtu aliyewahi kupanda cheo kwa sababu ya mwiko.

Nitawaambia habari ya mtaro wangu, kwa kuwa mhubiri ameutaja.

Mtaa ninaokaa ulijengewa mtaro mzuri wa zege, wenye mifuniko, miaka michache iliyopita. Siku unakabidhiwa tulipiga makofi. Mwaka wa kwanza mfuniko mmoja ulipotea. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wameupasua wachukue nondo, tukanyamaza. Mwaka wa pili ikapotea mitatu. Kupitia pale palipo wazi zikaingia chupa za maji, mifuko, maganda ya miwa, mchanga wa mtu anayejenga, na siku moja godoro la mtoto. Nikaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja. Nikamkuta kijana mwenye adabu kabisa.

"Shikamoo mzee, karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Mtaro wetu umeziba."

Akafungua daftari, akalifunga. "Mzee wangu, kuzibua mtaro hakuna kasma. Lakini msiwe na wasiwasi, kuna mradi mkubwa wa mitaro unakuja."

Mradi ukakawia, mvua haikukawia. Maji yaliingia sebuleni saa nane usiku, yakanyanyua kapeti kama mkeka wa plastiki, yakamwondoa kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya kabati. Asubuhi tulikodi vijana wanne wenye majembe. Walianza saa mbili, saa saba mchana maji yalikuwa yanakwenda ziwani kama kawaida. Gharama yote, pamoja na soda na mihogo, haikufika elfu hamsini. Sasa nambieni: mradi unaokuja utagharimu shilingi ngapi? Na ukishakuja, nani atauzibua?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na nitairudia hata nikichosha. Jina la mradi hubadilika, chupa za mtaroni ni zilezile. Ulikuja ule wa kuimarisha miji 18, ULGSP, kwa fedha za Benki ya Dunia, na Musoma ilikuwemo. Sasa tumo kwenye TACTIC, miji 45, Benki ya Dunia ileile. Sikatai. Lami ni tamu, hata mimi naikanyaga. Ila ni fedha za kukopa, na mjukuu wangu atakayezilipa ana haki ya kukuta kitu alichokopewa bado kipo.

Kuna watakaosema mzee huyu anaota, ukarabati ni mambo ya maskini. Haya, twende ziwani. Septemba 2018, pale Mwanza, serikali ilitia saini mikataba ya meli kwa siku moja: kujenga meli mpya kubwa, na kukarabati MV Victoria na MV Butiama. Victoria ni bibi, ilianza kazi mwaka 1961, na wakati huo ilikuwa imesimama kwa miaka tukiipita kama kaburi. Mwaka 2020 bibi huyo alikuwa amerudi kazini akibeba abiria na ndizi za Bukoba. Na ile mpya? Ilishushwa majini Februari 2023, na hata hapo safari za abiria zilikuwa bado. Mkataba wa siku moja, ziwa moja. Aliyezibiwa ufa alisafiri, aliyesubiri ukuta alibaki gatini. Sihitaji mfano mwingine.

Ila ninao. Pale Kwangwa hospitali ya rufaa ilianza kujengwa enzi za Mwalimu Nyerere, ikakaa gofu miongo na miongo. Watoto waliozaliwa wakati msingi unachimbwa walikuja kupita pale wakiwa na wajukuu mkononi. Leo ina jina la Mwalimu na inatoa huduma, Mungu ashukuriwe. Lakini miaka yote ile gofu likiwa kiwanja cha popo, ilikuwa ukiuliza kwa nini wodi za hospitali uliyonayo zinavuja, jibu lilikuwa moja: Kwangwa inakuja. Ndivyo "inakuja" inavyofanya kazi. Ni blanketi la kufunikia kilichopo.

Na reli! Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma nimeisikia tangu navaa kaptula. Imechorwa, imepimwa, imesemwa kwenye kampeni, imewekwa kwenye ilani, imeombewa. Nimeshazika marafiki waliokuwa wakiisubiri. Wakati tunaisubiri, kiwanda cha nguo cha MUTEX, tulichokuwa nacho, chenye mashine na wafanyakazi waliokuwa wakitoka kazini kwa mamia, kilikufa machoni petu. Reli ingefika kesho, tungepakia nini? Hotuba?

Msidhani haya ni ya mjini tu. Mimi ni mtu wa Suguti, na Suguti yetu nayo imepatwa. Tangu ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Musoma na hospitali ya wilaya ziangukie kwetu, kila mwenye shamba la mihogo amekuwa na viwanja. Nimeona vigingi vimepigwa mpaka karibu na matuta ya viazi. Madalali wanakuja na pikipiki kuuza mji ambao haujafika, na barabara ya Musoma, Makojo hadi Busekera, kilomita 92, tumeidai lami miaka nenda miaka rudi. Binamu yangu aliuza ng'ombe watatu akanunua kiwanja. Nilimtembelea Aprili, nikamkuta ameweka sufuria tatu sakafuni zikipokea maji ya bati lililotoboka.

"Kaka," akaniambia akinionyesha hati ya mauziano iliyofungwa kwenye nailoni, "mji unakuja."

"Kaka," nikamwambia, "mvua imeshafika."

Hakucheka. Karatasi ilikuwa kavu, mtoto wake alikuwa amelowa.

Kijana mmoja msomi, nilipomweleza haya, alinijibu kwamba hakuna mwekezaji anayekuja Musoma kuangalia mtaro. Nikamuuliza, kwani anakuja kuangalia nini? Akitua uwanja wa ndege siku ya mvua, mtaro atauona bila kualikwa. Utampokea, utamsindikiza, utaingia naye hotelini. Mwingine akasema napinga maendeleo. Hiyo ndiyo hoja ya mwisho ya mtu aliyeishiwa hoja. Ukisema shati limechanika, anakwambia unapinga nguo.

Na kwa kuwa nimeanza kukasirika, niseme na la ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Sisi tukasema ni mambo ya vitabuni, tukajenga ukumbi, baa na uzio mpaka kambare anaweza kuagiza soda. Mwaka 2020 ziwa likapanda. Mwaka 2024 likapanda tena, hadi kuipita alama ya mwaka 1964 ambayo wazee wetu walikuwa wakitusimulia. Ziwa halikuwa na kibali cha ujenzi, lakini lilibomoa. Wenyewe wakaanza kulia kwamba serikali ilete mradi wa ukuta. Ukuta tena!

Serikali yenyewe, ikitaka, inajua dawa. Mfuko wa Barabara uliopo tangu miaka ya 1990 unakusanya fedha kwenye kila lita ya mafuta, na sheria imeagiza si chini ya asilimia 90 iende kwenye matengenezo. Mwaka 2021 tukaongezewa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani za vijijini na mijini. Tunalipa, hata mwenye pikipiki ya mkopo analipa. Maana yake kuna siku watu wenye akili walikaa wakakubali kwamba barabara bila fedha ya kuitunza ni shimo linalosubiri tarehe. Sasa mfuko wa soko uko wapi? Wa choo cha stendi? Wa taa za barabarani ambazo zinawaka mwaka mmoja kisha zinabaki milingoti ya kufungia matangazo ya waganga? Wa bomba la shule? Mji wenye watu zaidi ya 160,000 hauwezi kuendeshwa kwa kusubiri wafadhili waje kubadilisha balbu.

Kwa hiyo waheshimiwa madiwani, nina ombi moja, na halihitaji mshauri elekezi. Jiwe la msingi lijalo, chini ya jina la mgeni rasmi, liandikwe mistari miwili zaidi: ni ofisi ipi italitunza jengo hili, na ni shilingi ngapi zimetengwa kwa mwaka kwa kazi hiyo. Herufi za dhahabu, ukubwa uleule. Kama mistari hiyo haina cha kuandikwa, mkasi urudi kwenye sinia na binti arudi darasani. Kanuni hiyohiyo iwahusu na watu wa makanisa, maana paa tunalochangia sasa linachukua nafasi ya paa lililooza kwa sababu gata haikuzibuliwa. Niliuliza.

Nasi wananchi tupunguze makofi. Mgeni akija kutuambia kinachokuja, tumpeleke kwanza kwenye kilichopo, avue viatu.

Mtaro wetu umeanza kujaa tena. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale na jembe, pamoja na majirani waliobaki na aibu. Mhubiri naye karibu. Aje na Biblia yake, tutamsomea sura ya tatu, na jembe la ziada lipo.